Lile Banda la Rangi Lina Mwenyewe

Jamani, nimezika watu wengi mimi, lakini huyu wa jana kichwa changu kinamkataa. Bi Mize hayupo. Huyu huyu Bi Mize wetu wa Wingwi, mpika rangi za mikoba, mtani wangu, mwenye ulimi kama wembe.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Naandika kwa kidole kimoja, na hicho kimoja kimechoka.

Wasionijua: mimi Mzee Kombo wa gari la ng'ombe. Skuli sikuisogelea hata kuomba maji. Lakini hakuna mkoba wa ukili uliotoka Wingwi ukafika Ulaya bila kupanda gari langu kwanza. Wazungu wanajisifia mikoba, hawajui ile harufu nzuri ni ya ng'ombe wangu Meneja.

Nikisema hivyo Bi Mize hunijibu, "Kombo, siku ukiupakia uongo wako kwenye hilo gari, Meneja atakufa njiani."

Kila asubuhi Meneja alikuwa akisimama mwenyewe mlangoni kwake. Yeye akipewa maganda ya muhogo, mimi nikipewa matusi.

Sasa naona watu wanaandika humu kwenye grupu ati alikuwa mpole. Mpole! Hebu nikwambieni.

Miyaa, yale makuti membamba ya kusukia ukili, haitoki mtini ikiwa nyekundu. Huchemshwa na rangi kwenye sufuria kubwa, na pale kiwandani kwetu walikuwa wakipikia ndani, kidirisha kama tundu la njiwa. Mimi nikienda kupakia naziba pua kwa kofia. Mize yumo humo mchana kutwa, anakoroga, anakohoa.

Huko Ulaya nasikia mtu hanunui mkoba mpaka atizame kwenye simu kampuni imepewa majani mangapi, alama zao hizo, kama nyota za hoteli. Ikiwa na matano, basi haiharibu ardhi wala haimuonei mfanyakazi. Akaletwa binti wa ukaguzi kutoka Dar, na tableti yake, atufanyie interviu.

Akaanza na Mize. "Shikamoo bibi. Hali ya kazi hapa ikoje?"

"Marahaba mwanangu. Njema, alhamdulillah."

Binti akabonyeza. Akaenda kwa mwengine. Njema. Akabonyeza. Anawahi boti.

Majani matano! Supavaiza akatununulia soda, akayachora yale majani juu ya mlango. Bi Mize akawa anakohoa chini ya majani.

N'kamtania: "We Mize, bosi umempa majani matano, mimi miaka yote hii hujanipa hata jani la mchaichai."

Hakucheka. "Kombo, mtu akikuuliza hali utamjibu nini? Husema njema. Kisha yeye hukaa, ndo akapewa habari. Huyu hakukaa."

Ndo hapo. Yule binti ni Mswahili kama sisi, ila tableti yake si Mswahili. Ukishasema njema, inarukia swali jengine.

Mwaka uliofuata akarudi. Bi Mize akamtandikia mkeka mule mule ndani ya moshi, akaichukua tableti akaifunika kwa kanga. "Hii nayo ipumzike. Wewe kaa, mwanangu. Njema nishakwambia mwaka jana, leo nakupa habari."

Nilikuwepo. Akamweleza moshi, akamweleza kifua. Mwisho akasema, "Siombi dunia. Banda la nje, lisilo ukuta, upepo upite. Basi."

Binti machozi yanamtoka. Moshi au huruma, sijui.

Majani yakashuka, yakabaki mawili. Oda ikasimama. Na hapo ndo niliiona dunia: wenzake wa kiwanda kimoja hawamuitikii salamu. Mmoja akamwambia mbele yangu, "Kifua chako ndo kiwatie njaa watoto wetu?"

Bi Mize akajibu, "Na nyie mnakohoa. Mnakohoa kwa adabu tu."

Gari langu likawa la muhogo mtupu. Nikamlalamikia. "Muhogo haukohoi, Kombo. Shukuru."

Basi banda likajengwa. Makuti juu, pembeni wazi. Oda ikarudi, majani yakarudi. Kampuni ikatupia picha mtandaoni, kina mama wanacheka, moshi unakwenda zake, imeandikwa ati tunawasikiliza mafundi wetu.

Mize hayumo kwenye picha. Kifua kilikuwa kishamlaza nyumbani. Ndani ya banda lile hakupika hata sufuria moja.

Sina ugomvi na mtu, nimechoka tu. Lakini lile banda lina mwenyewe, ndo nimekuja kusema.

Siku chache kabla hajaondoka nilikwenda kumtizama. "Hujambo, Mize?"

"Sijambo, alhamdulillah."

Nikavuta mbuzi ya kukunia nazi, nikakaa juu yake. "Nishakaa. Haya, nipe habari."

Akanitizama sana. "Nimechoka, Kombo."

Nikakaa naye tu mpaka akalala.

Leo asubuhi nimepita na gari. Meneja kasimama mwenyewe mlangoni pake, sikumchapa. Akatoka mwanamke mmoja matangani na maganda ya muhogo, akamlisha. Yule yule wa "kifua chako". Anakohoa, maskini.

Haya, Mize, mtani wangu. Matusi yako nani atanipa sasa? Huko uliko huna haja ya kuanza na njema, maana Anayekuuliza anajua kila kitu. Lala, bibi wee. Lala kifua kitulie.