Nilisugua Majina Mgongoni mwa Gitaa la Mjomba

Nikubali mapema, wasomaji, msije mkapata tabu ya kunitafutia makosa: mkosaji ni mimi. Si msasa, si puti, wala si ile kompresa mpya ya kupulizia rangi iliyokuwa ikiniwasha mikono.

Mimi ni fundi rangi hapa Morogoro mjini, napaka magari na vitanda. Kazi yangu naijua, na huo ndio ugonjwa wangu. Nikiona kitu kimechakaa, hata kama si changu, roho haitulii.

Mjomba wangu anaishi milimani, upande wa Matombo. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuchezea, maana ukoo unafuata mama na mkubwa wako ni yeye. Ujanani alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya kiwanda kimoja hapa mjini. Gitaa lenyewe la umeme, si lile lenye tumbo na tundu. Hili ni ubao mtupu, zito kama kizingiti, lilikuja na meli kutoka ng'ambo kabla sijazaliwa. Wapiga solo wawili walilipiga kabla yake. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wakamwambia alichukue yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilala nalo.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Shabani, akanipigia simu kwamba amenitumia gitaa kwa basi. Waya unachezacheza, gitaa linakoroma, nilipeleke kwa fundi redio alichomelee. "Waya tu," akasema. Jamani, alisema waya tu! Nilimsikia kwa masikio haya haya.

Fundi redio alimaliza kwa nusu saa. Gitaa likabaki kwenye banda langu, nikawa nalitazama. Rangi ya njano imegeuka kahawia, na pale mkono unapoegemea imelika mpaka mbao. Nikaligeuza. Lo! Mgongo mzima umechimbwa mikwaruzo iliyopandana, kama ya msumari. Nikasema maskini mzee, wajukuu wamemharibia. Ngoja nimfurahishe.

Kumuuliza kwanza? Thubutu! Zawadi ya kuulizwa ni zawadi gani?

Nikavua nyuzi, nikapiga msasa, mikwaruzo nikaijaza puti, nikailainisha mpaka nzi angeteleza. Nikapuliza rangi nyekundu ya gari mara tatu na vanishi juu yake, kisha nikarudisha nyuzi. Wateja walipiga nalo picha. Nilivyojisifu siku ile, acheni tu.

Jumamosi nikapanda nalo Matombo. Mjomba ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Nikampa shikamoo, akaitikia, akalipokea gitaa kwa mikono miwili na kuketi barazani. Hakulitazama. Aliligeuza, akapitisha vidole mgongoni. Akarudia. Akarudia tena polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Wako wapi?" akauliza.

Nikamuuliza akina nani.

"Wenzangu."

Akanieleza, na hapo ndipo nilipojua. Kila mwenzake wa bendi alipofariki, Mjomba alichimba jina lake kwa msumari mgongoni mwa gitaa. Walikuwa kumi na mmoja. Kila Shabani, watu wanapokusanyika kuwaombea marehemu wao, wengine humpelekea mwalimu wa madrasa majina yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mjomba huenda na gitaa. Anapapasa, anasoma kwa vidole, mwalimu anafuatisha. Kijiji kizima kinajua! Mimi huwa napanda siku ya Idi, nakula pilau, nashuka. Na hilo nalo ni kosa, liandikeni.

Afadhali angenitukana. Alianza kuhesabu kwa vidole, akawataja tisa, akakwama. "Hawa wawili nawaona kabisa," akasema, "ila majina hayashuki." Nilitamani ardhi inimeze mimi na kompresa yangu.

Nikaanza kutafuta. Dumila nikamkuta mjane wa mpiga dramu, anauza vitunguu kando ya barabara. Nilipomsimulia, bibi yule alinicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Kisha akanipa jina la kumi, la mpiga besi. Wa kumi na moja hakuwa mpigaji hata. Alikuwa mbeba spika, kijana wa Kisaki.

"Sisi tulimwita mdogo wetu," akasema. "Jina lake hatukumuuliza. Aliyemuuliza ni mjomba wako peke yake."

Nikapanda basi mpaka Kisaki. Siku mbili naulizia! Mzee mmoja alimkumbuka kijana aliyekwenda mjini na bendi, hakuoa wala hakurudi. Jina, hapana.

Siku ya dua Mjomba akaja na gitaa lake jekundu. Aliwataja tisa, mimi nikamnong'oneza la kumi. Akalirudia kwa sauti. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mmoja, mwalimu, ambaye mpwa wangu amemfuta."

Watu wote wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nasoma nyuzi za mkeka.

Baada ya kula akanipa msumari. Nikachimba majina kumi kwenye rangi yangu mwenyewe, vanishi inabanduka, nami nauma meno. Akapapasa, akaniambia niache nafasi chini. Halafu akalichomeka kwenye spika na kupiga kidogo. "Waya umepona," akasema, akacheka. Mzee huyu!

Basi wewe uliyeshika kitu cha mkubwa wako, ukitumwa waya, tengeneza waya. Ukikuta mkwaruzo, uliza kwanza aliyeukwaruza.

Na ninyi wenye ndugu Kisaki, waulizeni wazee wenu. Alikuwa kijana mwenye nguvu, alibeba spika za bendi ya kiwanda Morogoro, wote wakimwita mdogo wetu. Mhariri anajua pa kunipata. Shabani inakaribia, Mjomba amezeeka, na nafasi yake bado ipo pale chini. Nahitaji jina lake tu.