Chip Iliyozimwa

Mwanangu alipokwenda ng'ambo aliniachia kompyuta yake hapa Koboko, na kila Ijumaa baada ya swala tulikuwa tukionana kwa picha. Siku moja programu ya kupigia ikagoma. Ilitaka mfumo mpya. Nilipojaribu kuuweka, mashine ikaniandikia kwamba haina chip ya usalama, kile kidude kinachotunza funguo za siri, na bila hicho haifai. Haifai! Niliitukana kama mtu aliyeniibia kuku.

Simu yangu ya vitufe ilikuwepo muda wote, nayo haikulia. Nilijiambia kupiga kutoka ng'ambo ni ghali. Jirani yangu, mama aliyekimbia kutoka Sudan Kusini, kila tukikutana bombani aliuliza, "Mama, mtoto iko napiga?"

"Kompyuta iko mbaya," nilimjibu. Jibu hilo lilinipa usingizi.

Mwishowe nikaifunga mashine kwenye kitenge, nikaenda Arua. Fundi, Mkongo mwenye kibanda upande wa Onduparaka, aliiwasha, akabonyeza vitufe kabla haijaamka vizuri, akacheka.

"Mama, chip iko. Ilizimwa tu."

"Nani alizima?"

"Hakuna mutu. Ilitoka kiwandani hivi. Mingi iko hivi."

Akaiwasha ile chip, akaingiza mfumo mpya, na safari hii mashine haikubisha. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka alasiri, nikiona aibu kwa matusi yangu yote. Maskini mashine, haikuwa imepungukiwa na kitu.

Ijumaa nilijifunga ushungi mpya, nikaketi mbele yake. Programu ilifunguka mara moja. Kando ya picha ya mwanangu palikuwa na kitone cha kijani, maana yake yuko hewani. Nikasubiri. Nikafikiri labda hajui kwamba nimerudi, basi nikapiga mimi. Iliita, ikaita, mpaka ikanyamaza yenyewe. Kisha kitone kikazimika. Kwenye kioo nikabaki mimi peke yangu na ushungi wangu.

Jioni nilimkuta jirani bombani, ndoo yake imeshajaa.

"Fundi alitengeneza? Mtoto alipiga?"

Nilitega ndoo yangu, nikafungua maji.

"Bado," nikamwambia. "Kompyuta iko mbaya bado."