Mkono Usio na Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu mita mbili za stika. Ilikuwa karakana ya mabango kule Nalufenya, Jinja, miaka ya tisini, kompyuta zilipoanza kutunyang'anya brashi. Mwenye karakana, tuliyemwita Hajji, alinipa bango la duka la mikate lenye herufi zilizoshikana kama mwandiko wa mkono. Nikazipanga kwenye skrini, zikapendeza, nikazituma kwenye mashine ya kukatia. Kisu kikaizunguka kila herufi kivyake, na kila mahali herufi mbili zilipolaliana, pakachanika.

Hajji akabandua kipande kimoja, akakiinua kwenye mwanga. "Binti, kisu hakina macho, kinafuata mstari. Wewe umeona neno moja. Chenyewe kimeona herufi sita."

Akanifundisha mambo matatu yaliyonilisha hadi nikastaafu. Kuunganisha: maumbo mawili yanakuwa moja, na mistari iliyokuwa kati yao inapotea. Kutoa: umbo la juu linalimega la chini, kama kikombe kinavyokata unga wa mandazi. Kubakiza makutano: panabaki pale tu yalipolaliana. Na yote hayo bila kugeuza mchoro kuwa picha ya nukta nukta, maana kwenye nukta kisu hakipati mstari wa kufuata, na ukizikuza ukingo unakuwa kama ngazi. Mstari unaukuza kutoka ukubwa wa kucha hadi wa ukuta, nao unabaki laini.

Mwaka wa tatu Hajji alinihamishia tawi la Mbale. Meneja wa huko alikuwa askari mstaafu kutoka kaskazini. Kila mtu alimwita Afande. Fundi aliyenitangulia, Mzee Mafabi, alikuwa ameacha kazi ghafla. Aliniachia kompyuta na kiolezo chake, yaani faili ambalo kila bango lilianzia humo.

Wiki ile ile nilikuwa nakata bango la shule. Nje kulikuwa na ukungu, mlima hauonekani. Nikachagua vyote, nikatuma. Kisu kikamaliza herufi ya mwisho, kikanyanyuka, kikaenda hadi kwenye kona tupu ya chini, kikaanza kukata tena, taratibu, kwa mapindo madogo madogo. Kilipotulia nikabandua. Ulikuwa mkono wa mtoto, vidole vimeachana kidogo.

Kwenye skrini kona ile ilikuwa tupu.

Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu Afande alikuwa amesimama nyuma yangu. "Fundi, hii mkono imetoka wapi?"

"Sijui, Afande."

"Mimi nimeona vita. Hii kitu sipendi. Mpaka Ijumaa, futa."

Nikafungua mwonekano wa mistari mitupu, ule unaoonyesha maumbo bila rangi zake, nikauona. Umbo lisilo na rangi ndani wala mstari nje halionekani, lakini lipo, na ukichagua vyote nalo linachaguliwa. Nikapumua. Kisha nikaweka mkono wa siku ya kwanza juu ya ule wa siku ya tatu. Wa tatu ulikuwa umezidi kidogo. Nikajiambia, nimekuwa nikikuza mabango na kuhifadhi kwenye kiolezo kile kile, basi na mkono umekua nayo. Lakini mabango mengine niliyapunguza, na mkono haukupungua.

Kiolezo kilikuwa chake, basi Alhamisi nikapanda mlima Wanale, nyumbani kwake, kumtafuta Mzee Mafabi. Nilimkuta anaanika kahawa. Nikampa ule mkono. Akajifuta mikono vumbi kwenye suruali kabla ya kuupokea.

"Huyu ni Nandutu," akasema. "Binti yangu."

Malaria ilimchukua akiwa na miaka sita. Alikuwa ameacha karatasi ya shule aliyochorea kiganja chake. Kompyuta ilipokuja, baba yake akaunakili mkono huo nukta kwa nukta, akauficha kwenye kiolezo ili awe naye kazini.

"Mbona uliacha kazi, Mzee?"

"Alianza kukua."

Nikaanza kumweleza habari ya kukuza na kuhifadhi. Akanikatiza kwa upole: "Dada, mimi ndiye nilikuwa fundi." Akaleta ile karatasi. Mkono wa penseli ukakaa katikati ya ule wa stika, nafasi ikabaki pande zote. "Miaka saba sasa. Angekuwa na kumi na tatu. Mtoe pale, anatisha watu. Lakini usimfute bila kuniwekea."

Nikaunakili kwenye disketi, nikampelekea, nikaufuta kwenye kiolezo. Kisu hakikurudi tena kwenye ile kona. Afande alisimama kando ya mashine akaangalia mpaka mwisho. "Sasa imelala," akasema.

Mwaka uliofuata Mzee Mafabi alikuja karakana, disketi imefungwa kwenye nailoni. "Amefika kumi na nne. Mkuze kidogo." Nikafungua, nikapima kabla sijagusa kitu. Mkono ulikuwa umeshazidi ule nilionakili. Kwake hakukuwa na kompyuta, hata umeme. Sikumwambia. Nikajifanya nabonyeza. Mwaka wa pili hivyo hivyo, na wa tatu.

Sasa nimestaafu. Vijana wa siku hizi wanaunganisha na kutoa kwa mguso mmoja, na nikiwasimulia haya wanasema nilikosea kupima. Labda. Nimepima kazi za watu miaka mingi, na hakuna bango langu lililowahi kurudishwa kwa kosa la kipimo.

Mwaka wa nne nilipima mara mbili. "Mzee," nikasema, "mwaka huu mkono haukukua."

Hakushangaa kwamba nilijua ulikuwa ukikua wenyewe. "Wasichana huachia hapo," akasema. Akaniomba nimkatie mmoja kwa stika nyeupe, aubandike kwenye mlango wa nyumba yake.

Nikamuuliza usawa gani, nikidhani atauweka chini, pa mtoto. Akauendea mlango wetu, akatafuta kidogo kwa kiganja, akakisimamisha juu, usawa wa kifua chake.

"Hapa," akasema. "Ndipo atakaposukuma."