Kaka Niliyejichagulia Kisangani

Kisangani nilifika siku moja mapema, na siku hiyo moja ndiyo iliyoniponza. Daktari wa macho alikuwa ananingoja kesho yake. Jicho langu la kushoto lilikuwa limekwenda zamani, na la kulia, lililobaki kunitumikia, lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Binti yangu kule Kindu aliniapisha: ukishavuka mto kutoka Lubunga, mama, nenda moja kwa moja kwa masista, lala, ngoja. Nikaapa. Nilipofika kwa masista nikaoga, nikafunga kitenge changu kizuri, nikatoka.

Niseme wazi kwamba nilikuwa naogopa. Jirani yangu mmoja alipasuliwa jicho akarudi nyumbani anaongozwa kwa mkono. Nikajiambia, kama kesho wataniharibu, basi leo nitaona kila kitu cha mji huu, cha kilio na cha furaha, nibaki na akiba ya kukumbuka gizani.

Shida ni kwamba kwetu mtu hatembei bure. Unasafiri kwa msiba, kwa arusi, kwa ugonjwa au kwa biashara. Mwanamke wa umri wangu anayezunguka mji wa watu peke yake, eti anaangalia tu, ama amefukuzwa na mume, ama akili imemhama, ama ni mchawi. Na habari ya jicho sikutaka kuisema, maana ningeanza kupewa pole na dawa za majani njia nzima. Kwa hiyo niliamua kudanganya, na kudanganya, nisijisifu, ninakujua.

Pale Makiso, katikati ya mji, nikasimamisha toleka, zile baiskeli za kubeba watu, zenye mto mnono nyuma. Mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye shati la njano.

"Jambo, mama. Unaenda kwa nani?"

"Kwa kaka yangu," nikasema. Sina kaka. Mama yangu alizaa wasichana watupu.

"Anaikala wapi?"

"Makaburini."

Baiskeli ikayumba kidogo. "Pole sana, mama. Ni vita?"

"Ni vita."

Akanipeleka kwenye makaburi ya wale waliokufa majeshi mawili ya wageni yalipopigania mji usio wao. Nilikuwa nimesikia habari zake miaka mingi. Misalaba ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea, yote ya rangi ya chai ya maziwa, imejipanga kimya kwenye majani. Mwenye toleka akaegemeza baiskeli, akavua kofia, akaanza kunifuata. Nilidhani angenisubiri barabarani! Sasa ilinibidi nipate kaka, tena upesi. Nikapita mstari mmoja, nikapita wa pili, nikachagua msalaba usioandikwa kitu, wenye magugu mengi, ambao hakuna ndugu angetokea kuniuliza. Nikapiga magoti, nikaanza kazi.

"Kaka yangu weee! Uliniacha na nani?"

Mwanzo kilikuwa kilio cha mdomoni tu. Halafu nikawaza kwamba chini pale kweli kulikuwa na mtu, na mtu huyo alitoka asubuhi moja akidhani atarudi kula. Nikawaza kesho na jicho langu. Machozi yakaja yenyewe, na nikamlilia yule mtu wa watu na kujililia mimi kwa pamoja, bila kujua zamu ya nani imefika.

Mwenye toleka alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni yeye huyu, mama? Kaka yako?"

"Wa tumbo moja."

Akausogelea msalaba. "Bon," akasema, kisha akainama akanisaidia kung'oa magugu.

Kutoka hapo yule mtu aliharibika. Asubuhi alikuwa mkimya, mwenye adabu zake. Sasa akageuka redio. Njia nzima ya kwenda kwenye maporomoko ya Wagenia alinitajia kila kitu: hapa kuna shimo, pale mama anauza pondu, majani ya muhogo, kule mbuzi amelala katikati ya barabara. Nikadhani ni huzuni imempanda kichwani, nikamvumilia.

Maporomokoni wavuvi wakaniuliza, kama ilivyo desturi, nimekuja kwa nani. Nikasema kuna mvuvi wa hapa aliyeahidi kunioa nilipokuwa msichana, nimekuja kumuuliza amefikia wapi. Walicheka mpaka wakashika magoti. Mzee mmoja akakana kabla hajaulizwa, na mimi nikamwangalia kwa kumtilia shaka ili asilale vizuri.

Maji yalinguruma hata miguu ikatetemeka juu ya jiwe. Nilikuwa nimekuja kuona ile miti mikubwa waliyoisimika kwenye mawe, na vikapu vya kunasia samaki vinavyoning'inia katikati ya povu. Kusema kweli povu niliona. Miti pia, kiasi.

"Angalia juu, mama," redio ikaanza. "Kuko mutu moja, kaputula ya rouge, anapanda. Anashika kamba. Alors, sasa anafika kwa kitunga. Anavuta. Anavuta tena. Samaki, mama! Mukubwa, anapiga mukia!"

"Papa, nyamaza. Nina macho."

"Ndiyo, mama." Akanyamaza kwa pumzi moja. "Sasa anashuka."

Tuliporudi Makiso tukakuta arusi inatoka kufungwa, honi zinalia, wanawake wamevaa kitenge kimoja wote. Ningepitaje hivi hivi? Nikaruka chini, nikawaambia mimi ni shangazi wa bwana arusi kutoka Kindu, nikaingia katikati na kucheza. Watu wa Maniema, mkoa wetu, wako kila mahali Kisangani, hakuna aliyeshangaa. Nilicheza mpaka kitenge kikataka kunikana. Kisha nikafungua mikono, nikamwendea mwanangu.

"Mama!" ikapiga kelele sauti niliyoijua. "Bwana arusi ni ule wa suti ya bleu! Huyu iko chauffeur!"

Mikono ilikuwa imeshafunguka, kwa hiyo nilimkumbatia dereva. Alifurahi sana.

Jua lilipoanza kupoa akanishusha kwa masista. Furaha yote ikaniishia pale mlangoni, nikaona si vizuri kulala na uongo wa siku nzima kabla ya kisu.

"Papa, nimekudanganya. Sina kaka. Sina mchumba wala mtoto wa kuoa. Kesho wananipasua jicho, na naogopa sana."

Akawa anapangusa mto wa baiskeli. "Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kwa kaka." Akapanda, akaenda zake.

Usiku ule kilichoninyima usingizi hakikuwa kisu peke yake. Nilikasirika. Kilio kile kilikuwa na kasoro gani? Nimelia misiba mingi Kindu, sijawahi kulalamikiwa.

Walinipasua, wakanifunga, na walipofungua bendeji kitu cha kwanza nilichoona ni kucha zangu, ambazo zilihitaji kukatwa. Nililia tena, safari hii bila kujilazimisha. Siku ya kurudi nyumbani ilipokaribia nikamtafuta mwenye toleka pale pale Makiso. Shati lake la njano kumbe ni jeupe.

"Nipeleke kwa kaka," nikamwambia.

Misalaba nayo ilikuwa myeupe. Nilihesabu mistari kama siku ile nikaukuta wangu, na chini yake magugu machache tuliyoyaacha. Haukuwa mtupu. Maandishi yalikuwa makubwa, ya rangi nyeusi: "Mama", kisha jina la mwanamke na la baba yake.

Niligeuka. Mwenye toleka alikuwa anakagua gurudumu lisilo na tatizo.

"Ulisoma siku ile?"

"Nilisoma, mama."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unalia muzuri," akasema. "Ningekuambia nini?"

Nikakaa chini. Nikamwomba dada msamaha kwa kumwita kaka mbele ya watu, nikang'oa magugu yaliyobaki. Mwenye toleka akaja, akachuchumaa kando yangu.

"Kule nyuma, mama, kuko ndege moja kidogo, ya bleu. Iko juu ya musalaba."

"Nyamaza, papa. Nina macho."

Akanyamaza. Nikaendelea na magugu kidogo, bila kuinua kichwa.

"Haya," nikamwambia. "Anafanya nini sasa?"