Maji ya Bomba Jekundu

Fundi wa hita za maji kutoka mtaa wa Wadi Kabir hasemi neno mpaka aigonge hita kwa vifundo vya vidole na kuisikiliza. Jana alimfungia Bi Kheiria hita mpya bafuni, akaiacha bila ya kuiwasha, kama wafanyavyo watu wa Maskati wakati wa joto: maji ya tangi la paani huunguza, yaliyolala ndani ya hita hupoa. Leo amerudi kutazama kama inavuja. Akafungua bomba jekundu, la hita, akakinga viganja, akasahau kuvitoa. Macho kayafumba.

"Kwetu Uganda, mama, maji ya kisima asubuhi yako hivi hivi."

Akashtuka, akafunga. "Samahani. Khalas, iko sawa."

Bi Kheiria akaitazama mikono ile ikichuruzika.

"Hebu fungua tena, mwanangu. Mie sijaridhika bado."