Risasi ya Kwenye Migomba

Kwa miaka ishirini na mitatu Eliona aliitwa Bwana Nyama, jina ambalo watu wa Rombo walimpa kila ofisa wa wanyamapori, na kokote alikopita waliuliza kwanza nyama iko wapi. Alikuwa Mmachame, Mchagga wa upande mwingine wa mlima, mfupi, mkimya, mwimba besi katika kwaya ya Kilutheri, aliyehamishiwa mji wa Mkuu, Rombo, kwa Wakatoliki ambako hata Kichagga chake kilichekwa. Kwa hiyo alisema Kiswahili, tena kidogo.

Alichokijua kuliko wenzake ni risasi. Kila Jumamosi alizimwaga kitandani juu ya gazeti, mkewe Elinipendo akiguna kwamba shuka zinanuka mafuta ya bunduki. Alifuta moja moja kwa kitambaa kikavu, akakagua kitako cha kila ganda kama kimeota kutu ya kijani, kisha akazipitisha zote kwenye bunduki na kuzitoa bila kufyatua, ajue mapema ipi inagoma kuingia. Bunduki yenyewe ilikuwa ya kipimo cha 458, nzito, yenye teke linaloacha bega na alama ya buluu.

Risasi zake zilikuwa za aina mbili. Laini iliachwa wazi puani. Ikigonga nyama huchanuka kama uyoga, ikabaki humo humo mwilini. Ngumu ilivikwa chuma mpaka puani. Haichanuki, hupita mfupa, humpita mnyama, na ikitoka upande wa pili bado ina nguvu ya kuua. Laini zake zilikuwa mpya, zinang'aa, masalio ya kampuni za uwindaji zilizoingia nchini baada ya biashara kufunguliwa. Ngumu zilikuwa za serikali, za zamani, na rangi yake ilikuwa imefifia kama sarafu.

Asubuhi moja mwaka 1993 Wenseslaus, mwenyekiti wa kijiji kimoja kule juu karibu na msitu, alifika kwake akihema. Nyati dume alikuwa ameshuka, amemtoboa mtu paja kisimani, na sasa amelala katikati ya migomba, kwenye kihamba cha Bibi Mektrida.

"Na bibi?"

"Yumo bandani. Hataki kutoka. Ng'ombe wake anazaa."

Walizunguka kwa njia ya chini mpaka nyuma ya banda. Eliona akaweka mdomo kwenye mwanya wa mbao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Bwana Nyama?"

"Ndiye. Naomba utoke, bibi. Nyati yuko hatua arobaini hapo mbele."

"Nimemwona. Yeye amelala, mimi nina kazi. Miguu ya ndama imeshatoka. Nikimwachia ng'ombe sasa hivi, wewe ndiye utakuja kumvuta?"

Wenseslaus akamvuta mkono mpaka ubavuni mwa migomba, nyati akiwa kati yao na banda.

"Mwache. Huyo hata padri hamuwezi. Wewe weka laini tu. Kwenye semina tulifundishwa: karibu na nyumba za watu, risasi laini."

"Waliofundisha walikuwa na migomba?"

"Walikuwa na chai na maandazi."

Eliona alichomoa kisu, akakichoma kwenye mgomba uliokuwa karibu. Maji yakatiririka mpaka kiganjani.

"Umeona? Huu ni mfuko wa maji. Laini ikiugonga itadhani imefika kwa nyati. Itachanuka hapa hapa. Yeye atapata kofi tu, aamke na hasira, na mlango ulio karibu naye ni wa bibi."

"Basi weka ngumu."

"Ngumu itamfikia. Halafu itampita."

Wenseslaus alitazama migomba, akatazama banda lililokuwa nyuma ya nyati sawasawa, mbao nyembamba na madebe yaliyokunjuliwa. Mzaha ulimtoka usoni.

"Sasa?"

"Nipande juu. Nikimpiga kutoka kwenye ule ukingo, itakayompita itaingia ardhini."

Lakini asubuhi upepo hushuka kutoka mlimani. Mtu akisimama juu, harufu yake humtangulia chini. Ilibidi kusubiri jua lipashe miteremko moto, upepo ugeuke upande. Eliona alipanda kwa mzunguko mrefu, akajilaza mbali na ukingo, akachota mfukoni majivu kidogo ya kupimia upepo na kuyaachia hewani. Yalishuka. Baada ya muda akaachia mengine, yalishuka pia. Kutoka bandani alimsikia bibi akimbembeleza ng'ombe kwa Kirombo asichokielewa vizuri. Aliingiza risasi ngumu kwenye bunduki. Akazitoa. Akaweka laini moja mbele, ngumu nyuma yake, kama wengi wafanyavyo porini. Akaitazama ile ncha iliyo wazi, akaitazama migomba, akaitoa tena. Ngumu tupu.

Ilipokaribia saa nne majivu yalisita, kisha yakamrudia usoni. Akatambaa mpaka ukingoni.

Nyati alikuwa ameshaamka, ubavu wake umefunikwa nusu na mgomba wa ndizi mshare. Eliona alipiga kupitia mgomba. Nyati aliyumba, akageuka, akaanza kwenda bandani kwa mwendo mzito, kichwa chini. Sasa alikuwa mbali zaidi, na mteremko ambao Eliona aliutegemea ulikuwa unakwisha. Alimlenga juu ya mkia, akafuata mstari kwa jicho, akaona ukuta wa banda mwisho wa mstari huo. Angesubiri hatua chache zaidi, nyati angekuwa mlangoni. Akafyatua.

Nyati alianguka kwa magoti, kisha kwa ubavu. Mkungu wa ndizi ukadondoka nyuma yake.

"Bibi!" Eliona aliita. Alishuka mbio, akaanguka, akainuka. "Bibi Mektrida!"

"Nini tena?" sauti ikatoka bandani. "Kama mmemaliza, mmoja wenu aje anishikie huyu ndama, anateleza."

Wenseslaus aliingia kumsaidia. Watu wakaanza kutokea kila upande na visu na beseni, wakibishana tayari nani achukue mguu upi. Eliona hakusogea kwenye mzoga. Risasi ya kwanza aliikuta pale alipoitarajia, katika udongo chini ya ukingo. Ya pili ilimchukua muda. Ilikuwa imechimba mfereji mwembamba kwenye samadi, ikazama chini ya jiwe. Kutoka hapo mpaka ukuta alihesabu hatua mbili. Akahesabu upya, kwa hatua fupi zaidi, zikawa tatu.

"Unatafuta nini huko, Bwana Nyama?" mtu akamcheka. "Nyama iko huku!"

Alilifukia jiwe kwa mguu.

Elinipendo alipomuuliza siku ilikwendaje, alisema bibi mmoja amepata ndama jike.

Alistaafu miaka mitano baadaye. Kwenye hafla ya kumuaga Wenseslaus alisimama na glasi ya mbege, pombe ya ndizi, akasimulia habari za migomba vizuri kuliko zilivyokuwa, akasema huyu Mmachame alijua kuchagua, hakubahatisha hata siku moja. Watu walipiga makofi. Eliona alisimama kushukuru, akapima kwa jicho hatua mbili, labda tatu, kutoka miguuni pake mpaka ukutani, kisha akasema asanteni, akaketi.