Adyero Alivyomlilia Mumewe

Mtaa wetu, hapa nyuma ya Kalerwe, zamani ulikuwa mafunjo matupu. Baba yake mwalimu Hamdun, mtu wa asili ya pwani, ndiye aliyefyeka akajenga vyumba vya kupangisha. Baadaye wakaja polisi wa kaskazini na wake zao. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Adyero, Mwacholi, na mumewe, konstebo Okeny. Adyero aliuza samaki wakavu, na kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona.

Mwaka uliofuata mapinduzi, wanajeshi wa serikali mpya wakawa wanawawinda watu wa kaskazini, vyumba vikaanza kubaki wazi. Okeny aliitwa kambini asubuhi, hakurudi. Mwenzake akaja kunong'ona: ameuawa, maiti usiulize.

Sasa, kwa kina Adyero, marehemu hupigiwa yowe. Wanaitwa kwanza babu zake, mmoja mmoja, ndipo anaitwa yeye. Asipoitwa, roho yake haitulii. Lakini siku zile nyumba iliyolia ndiyo wanajeshi waliyoingia, wakachukua waliobaki.

"Nitamlilia," Adyero akasema. "Waniue tu."

"Wee, na sauti yako hiyo? Watakusikia mpaka Mulago!" Huyo alikuwa Nusura, binti wa Hamdun. "Njoo ulie kwetu, dada. Tutasema shangazi yangu kafariki."

Alasiri tukatandika mikeka. Hamdun akasoma Yasini, nasi wanaume tukakaa barazani. Ndani, Adyero, amefunikwa buibui la Nusura, akaanza na babu zake Okeny. Sauti ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Wanajeshi wawili waliokuwa wakipita wakasimama.

"Mwalimu," mmoja akasema, "mimi pia Mwislamu. Hii matanga gani? Sisi nalia namna hii? Nani huyo?"

Hamdun akafunga msahafu. "Binti yangu, afande. Nimemkataza, hasikii."

"Umemkataza na mdomo tu?"

Wakangoja. Mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akimpiga hata mbuzi, akaingia kwa wanawake akamzaba Adyero kofi, kisha jingine. Yowe likakatika. Wanajeshi wakacheka, wakaenda zao.

"Nisamehe, mwanangu," Hamdun akasema.

"Umeniokoa, mzee. Lakini nilikuwa bado kwa babu zake. Okeny sikumfikia."

Nusura akambembeleza amalizie polepole, kwa kunong'ona.

"Kunong'ona ni kwa kusengenya watu," Adyero akajibu, akavua buibui, akalikunja.

Akahamia Nakawa. Wajane wengine waliofiwa baada yake mtaani kwetu, na walikuwa wengi, hatukumsikia hata mmoja akilia.